Siku Mama Aliposonya

Juzi nilikwenda kununua mpira wa gesi. Wa zamani ulikuwa umechanika pembeni, na mimi si mtu wa kusubiri kitu kichanike chote. Muuza duka akaukunjua mpya mbele yangu, mrefu, bado una ungaunga mweupe wa kiwandani, akaupima kwa mkono wake, na harufu ikanipiga usoni. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Sikurudi. Nilizunguka mtaa mzima na mfuko wa nyanya mkononi, nikapita mbele ya nyumba yangu bila kuingia, nikapita tena, hadi jirani akaniuliza kama nimepoteza funguo. Nikamjibu ndiyo, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kulieleza.

Harufu ile ni ya chumba kimoja cha hospitali, Mwanza, tulipokuwa watoto. Wenzangu wa rika langu mnaukumbuka wakati ule. Vitu vilikuwa vimerudi madukani kwa fujo, sabuni za kila rangi, biskuti zenye krimu katikati, na mitumba imemwagwa chini kila kona. Viwanda vya minofu vilinunua sangara wote na kutuachia mapanki, yale mafuvu na miiba, nasi tukayakaanga na kuyala kwa furaha kwa sababu hatukujua tumeachiwa. Na wazazi wetu walikuwa wanarudishwa nyumbani kutoka viwanda vya zamani, mmoja mmoja. Baba alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo Nyakato. Walipompunguza alikaa nyumbani wiki kadhaa, kisha akafungua kijiwe cha kuziba pancha za baiskeli pale Igogo, kwenye jiwe kubwa chini ya nyumba yetu. Aliyetulisha hasa alikuwa mama, kwa mitumba aliyowauzia kina mama wa samaki kule Kirumba.

Mama yangu alikuwa mtu wa kelele. Sisemi kwa ubaya. Aliamka anazungumza, akapika anazungumza, akabishana na redio. Nyumba yetu ulikuwa unaisikia kabla hujaiona. Kwa hiyo ugonjwa wake tuliusikia kabla ya kuuona. Aliharisha siku chache, akapona, kisha akaanza kulalamika kwamba nyayo zinamchoma kana kwamba amekanyaga siafu. Baadaye miguu ikakataa kupanda mawe ya mlimani kwetu. Baadaye mikono ikaangusha kikombe. Halafu asubuhi moja alianza kumgombeza baba kuhusu jambo fulani, akaishiwa pumzi katikati ya sentensi. Akaanza upya, akaishiwa tena. Mama yangu kushindwa kumaliza kugomba, hilo ndilo lililomfanya baba akimbie barabarani kutafuta gari. Alilopata lilikuwa la samaki.

Daktari alisema ni neva, kwamba mwili umezishambulia neva zake wenyewe, na kwamba zitarudi, lakini zitarudi polepole. Kwa wakati huo kifua kilikuwa kimelala kama miguu ilivyolala. Wakamfunga kwenye mashine ya kupumulia, na ilipoonekana safari ni ndefu wakamtoboa tundu kwenye koo na kuupitisha mpira hapo.

Haya yote niliambiwa nikiwa kwenye benchi la nje, maana watoto hawakuruhusiwa kuingia chumba cha mahututi. Na mimi, mtoto wa fundi baiskeli, nilielewa haraka mno. Mama ametobolewa, na mashine inamjaza upepo kwa mpira. Kwa hiyo mama alikuwa anavuja. Siku wakiuchomoa ule mpira atanywea pale kitandani kama tyubu iliyochomwa na mwiba. Swali langu lilikuwa moja tu: kwa nini hawamwiti baba? Baba alikuwa anaziba matundu makubwa kuliko hilo kila siku.

Kwenye benchi nilikaa na shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka Sengerema kutuangalia. Alikuwa mwanamke mwenye mikono mikubwa na imani kubwa, na asiyependa kukutwa hajajiandaa. Sikukaa, kusema kweli. Nilisimama, nikaruka vigae, nikahesabu ndege wa ziwani waliotua kwenye paa, nikavutwa gauni niketi, nikasimama tena. Tulikuwa tumezoeana na familia nyingine iliyokuwa ikimsubiri mzee wao, aliyepata ajali ya gari na kulazwa kitanda cha jirani na mama. Siku moja waliitwa wote ndani. Wakaambiwa mzee anatolewa kwenye mashine. Muda si mrefu wakatoka wanalia, na nyuma yao kikatoka kitanda cha magurudumu kimefunikwa shuka hadi juu.

Shangazi aliona, na mimi niliona. Hakuna aliyetueleza kwamba mzee yule alikuwa amekwisha kuondoka kabla ya mashine kuzimwa, na kwamba safari yake na ya mama zilikuwa mbili tofauti. Sisi tulijua tulichokiona kwa macho. Anayetolewa kwenye mashine anatoka amefunikwa.

Kisha wakaanza kumtoa mama.

Neva zilikuwa zimeanza kurudi. Mabega yalicheza kidogo, uso ulirudi wote, na daktari alimwambia baba kwamba kifua kina nguvu ya kutosha kujaribu. Tena ni lazima kijaribu, kwa sababu kikilelewa sana na mashine kinasahau kazi yake, na maradhi mengine huingilia mle mle kwenye mpira. Halafu kulikuwa na mgao wa umeme. Mnaukumbuka. Umeme ukikatika wauguzi walimpulizia mama kwa mfuko wa mkono hadi jenereta lishike, na jenereta lile lilikuwa na siku zake. Mama alitakiwa ajipumulie, na asiposhika kazi hiyo upesi tungempoteza hivihivi, huku anapona.

Akakataa. Kila asubuhi walipouchomoa mpira na kumwachia oksijeni kidogo shingoni, mama alitoa macho, jasho likamtiririka, kifua kikaanza kwenda mbio kama cha kuku aliyefukuzwa, na wakamrudisha kabla hata hawajakaa sawa. Daktari alisema kifua kinaweza. Mama ndiye alikuwa haamini. Na asubuhi zote hizo, nje ya mlango wa kioo, alisimama shangazi pamoja na kina mama wa kanisani, kanga zimefungwa kiunoni, wakiimba kwa sauti ya chini ule wimbo mnaoujua wa kusindikizia marehemu.

Aliyeliona tatizo ni muuguzi mmoja wa Bukoba tuliyemwita Sista Koku. Alikuwa mwembamba, mwenye majivuno ya kwao, na alitembea kana kwamba sakafu ni ya baba yake. Asubuhi moja alitoka akaufunga mlango nyuma yake, akawatazama wale kina mama.

"Shikamooni. Naomba leo mkaimbie kule kwenye miti."

"Tunamwombea wifi yangu," shangazi akasema.

"Najua, mama. Lakini yeye akigeuza macho anawaona ninyi. Mimi namwambia utapona, ninyi mnamwambia kwaheri. Anawaamini ninyi, ni ndugu zake."

Sista Koku akageuka, akaniona nikining'inia kwenye mgongo wa benchi.

"Na huyu ndiye Kabula? Shuka hapo. Mama yako anakutafuta kwa macho kila siku. Nataka mtu asiyejua kuhuzunika vizuri."

Nikamwamkia, nikatoa mfukoni nilichokuwa nimebeba siku zote hizo. Kiraka cheusi kizuri, baba alikuwa amekwisha kukikwangua, na kikopo cha sulushen, gundi ya kubandikia viraka, kilichobaki robo. Nikamwambia ni cha tundu la mama, na kwamba kama hawajui kukibandika baba yuko nyumbani. Sista Koku alikitazama kiraka. Hakucheka, na kwa hilo nampenda hadi leo. Alichuchumaa akanieleza kwamba tundu lile lilitobolewa makusudi, ni mlango tu, na mama akishajua kupumua mwenyewe mlango utajifunga wenyewe pasipo kiraka. Nilimsikiliza. Sikumwamini hata kidogo, lakini nilikirudisha mfukoni kwa adabu.

Siku hiyo hakuniingiza. Alisema nije kesho, nimeoga, nina habari za nyumbani. "Za kawaida kabisa," akasema. "Nani amepika nini. Usimpe pole. Pole amepewa nyingi."

Sasa sikilizeni habari za nyumbani zilikuwaje. Shangazi alipofukuzwa mlangoni alielewa kwa namna yake. Aliona kwamba wauguzi wanataka faragha, na faragha hutakiwa kwa jambo moja. Alirudi Igogo bila kukaa, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuandaa msiba. Alitoa makochi yote sebuleni akayapanga nje, kwa kuwa waombolezaji hukaa chini. Akavivua vitambaa vya kufuma vya mama, vile vyenye maua ya waridi, akavifunga kwenye fundo. Kabati la vyombo, lile la vioo ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kulipumulia karibu, lilibebwa na vijana wanne likapelekwa kwa jirani. Akaweka mafiga uani. Akaazima sufuria kubwa la kanisa. Baba alikuwa kijiweni. Aliporudi akakuta nyumba iko wazi kama uwanja, akasimama mlangoni na pampu mkononi. Aliketi kwenye kochi, nje, akatazama barabara.

Naandika haya nikicheka, lakini siku ile sikucheka. Nilizunguka kile chumba kitupu, sauti ya nyayo zangu ikinirudia, na nilitaka kuvunja kitu nikakosa cha kuvunja.

Kesho yake Sista Koku alinivalisha gauni la kijani lililonifika hadi kwenye vidole na kunishika mkono. Ndipo nilipokutana na ile harufu, ya mpira uliopashwa joto na dawa ya kusafishia. Mashine ilikuwa ndefu kuliko mimi, inavuta na kusukuma, na mama alikuwa ameketishwa kwa mito. Alikuwa amekonda hadi meno yamekuwa makubwa. Lakini alikuwa mama. Aliponiona midomo ikatamka jina langu, bila sauti, kwa kuwa sauti haikuwa na njia ya kupita.

"Mama Kabula," Sista Koku akasema, "leo tunafanya kama tulivyokubaliana. Nachomoa, nakaa hapa hapa, sitoki. Ukitaka nirudishe, nyanyua nyusi. Ukinyanyua tu narudisha, sikubembelezi wala sikwambii vumilia. Juzi nilikwambia vumilia kidogo, na nilikosea. Leo mwenye amri ni wewe."

Mama akapepesa macho kukubali. Sista Koku akauchomoa mpira, akabonyeza kitufe mashine isipige kelele, akaweka mkono wake begani mwa mama. Nilifumba macho nisimwone akinywea. Nilipofumbua alikuwa bado yuko vilevile, ila macho yameanza kutoka na kidevu kinatafuta hewa juu.

"Haya, Kabula. Mpe mama habari."

Nilijua habari moja tu.

"Shangazi ametoa makochi nje."

Macho ya mama yakasimama.

"Na kabati lako limepelekwa kwa Mama Doto. Walilibeba limelala. Kikombe kimoja kimevunjika, kile chenye mstari wa dhahabu. Na vitambaa amevifunga kwenye fundo, na kuna sufuria la kanisa uani."

Sista Koku aliacha kutabasamu. Alikuwa mtu wa kanda yetu naye, alielewa mara moja makochi yanatolewa nje lini. Niliona mkono wake ukitoka begani kwa mama na kwenda kwenye mpira. Mama naye alikuwa ameelewa. Nilimwona akilielewa polepole, kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye midomo, kwamba kule nyumbani kwake, juu ya mawe, msiba wake umekwisha kuanza. Nyusi hazikunyanyuka. Zilishuka, zikakutana katikati.

Akasonya.

Msonyo, kama mnavyojua, hauhitaji mapafu. Unahitaji ulimi, meno na dharau. Mama alikuwa ametukataza kusonya tangu tuna meno. Alisema ni tabia ya watu wasiolelewa. Ule aliousonya siku ile ulikuwa mrefu, umelowa, umenyooka kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine, na ulikuwa sauti ya kwanza kutoka kwake tangu alipoishiwa pumzi katikati ya sentensi kule nyumbani. Nilitamani kulia na nilitamani kumshitaki kwa baba kwamba mama amesonya.

"Kingine?" Sista Koku akaniuliza taratibu, mkono bado uko karibu na mpira. "Usinyamaze. Endelea."

Nikaendelea. Nikamwambia kuhusu mafiga, na kuku aliyefungwa mguu chini ya meza, na kwamba baba analala sebuleni chini. Mama alikuwa ananijibu kwa midomo, haraka haraka, nami nikawa nasoma nusunusu. Nani kamruhusu. Kikombe gani. Kile cha seti? Akasonya tena. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa hasira, na nilichokuja kukielewa baadaye sana ni kwamba hasira ya mtu na pumzi ya mtu zinatumia mlango mmoja. Muuguzi mwingine aliingia na chai ya Sista Koku, akaiweka, akatoka kwa kunyata. Ile chai ilipoa. Mashine ilikuwa imesimama pembeni haina kazi. Mama alipochoka alinyanyua nyusi, kwa utulivu, kama mtu anayeomba apishwe akae, na mpira ukarudishwa papo hapo.

"Umeona," Sista Koku akamwambia. "Umegombana muda wote huo bila mashine."

Mama akafumba macho, machozi yakashuka pembeni, yakaingia masikioni. Nilimfuta kwa mkono wa gauni.

Shangazi alipoelezwa alikaa chini kwenye vigae vya korido, akajifunika uso kwa kanga. Nisimfanye mtu mbaya. Alimpenda mama, na kwao mtu unayempenda hakufii kwa kushtukiza, kifo hukuta maji ya msiba yako motoni. Sista Koku alimwinua akamwambia kesho aingie yeye, aje agombwe. Akaingia kweli. Alipiga magoti kando ya kitanda, mpira ukiwa umechomolewa, akaomba msamaha wa kikombe, wa makochi na wa kabati, na mama akamgomba kwa midomo mitupu, jambo moja baada ya jingine, hadi shangazi akaanza kujibu, na wakabishana hivyo, mmoja ana sauti na mwingine hana. Siku zilizofuata zilikwenda namna hiyo. Mchana mama alipumua mwenyewe, usiku mashine ikampumzisha, na mchana ukawa unarefuka. Walizunguka watu wa nyumbani kwa zamu, kila mmoja na kero yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia na pole.

Tundu lilijifunga lenyewe kama nilivyoambiwa. Lilibaki kovu dogo kwenye shingo, na sauti yake ikarudi nzito kidogo. Aliletwa nyumbani kwa gari, baba akambeba mgongoni kupanda mawe, naye akiwa huko juu ya mgongo anatoa maelekezo ya wapi pa kukanyaga.

Mngedhani hapo nilitulia. Mama alitoka kwenye mashine, mimi ndiye niliyebaki nayo. Alikuwa analala mchana, kwenye mkeka, maana miguu ilikuwa bado inajifunza, nami niliacha mchezo wa rede na kuacha wenzangu wakiniita huko chini, nikakaa karibu na kichwa chake kutazama kifua. Kikipanda, nilisubiri kishuke. Kikishuka nilisubiri kipande, na kile kipindi cha katikati kilikuwa kirefu kuliko kitu chochote nilichowahi kukisubiri. Nilikuwa nasogea hadi pumzi yake inigonge shavuni. Wakati mwingine nilimgusa kwa kidole, kidogo tu, ili atikisike. Nilikonda. Baba alidhani ni minyoo.

Mchana mmoja nilikuwa nimemwinamia hivyo, naye akafungua jicho moja.

"Kabula."

"Abee, mama."

"Unafanya nini hapo?"

"Sifanyi kitu."

"Toka. Nenda kacheze na wenzako. Nikiacha kupumua nitakuita."

Nilimwamini. Msinicheke, alisema kwa ile sauti yake ya kutoa maagizo, na mama akisema ataita huwa anaita. Nilitoka mbio, nikayashuka yale mawe bila kuangalia nyuma, na nadhani nilicheza hadi giza.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa kelele zake zote. Alizeeka, akahamia kwangu, akabishana na televisheni. Mwaka huu, mchana mmoja, alikuwa amelala kwenye kochi na mimi nikavaa ndala nikatoka kununua nyanya hapo kona. Sikukaa. Hata chenji sikuisubiri, lakini nilikuta kifua hakipandi tena.

Hakuniita.